Injini za Silva za Fundi Wakoli

Miaka ile mjini Kitale, ukitaka kujua kama gari limepita mikononi mwa Bramwel Wakoli, hukuwa na haja ya kumuuliza mtu. Ulifungua boneti tu. Injini ikikung'aria usoni kama sufuria iliyotoka dukani, hiyo ilikuwa yake. Kila injini aliyoifungua na kuifunga upya aliipaka rangi ya silva, mara mbili, kuanzia kifuniko cha juu mpaka kwenye nati ambazo hakuna jicho la binadamu lingezifikia. Mafundi wenzake walimcheka pembeni, wakisema mzee anapamba bibi arusi. Mbele yake hawakuthubutu, maana wengi wao yeye ndiye aliyewafunza kushika spana.

Jambo hilo hakulizua mwenyewe. Aliondoka kwao Matulo mwaka wa sabini na nne, akiwa na miaka kumi na tisa na suruali moja, akaingia kwenye gereji ya Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, aliyekuwa akitengeneza matrekta ya wakulima wa mahindi. Mwaka mzima alifagia na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mwaka wa pili akapewa spana. Kalasinga yule hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini moja alilirudia mpaka likamkaa Wakoli kichwani: mteja haoni ringi wala beringi, mteja anaona rangi. Alipofunga gereji na kuwafuata watoto wake ng'ambo, Wakoli alibaki na masanduku mawili ya spana na neno hilo. Akalishika kuliko alivyozishika amri kumi za Mungu.

Na chini ya rangi palikuwa na kazi, nisimnyime haki yake. Peugeot za zamani, Land Rover za mashambani, malori ya mahindi, yote aliyajua kwa sikio. Angesimama mlangoni pa gereji yake na kikombe cha chai mkononi, gari likiingia tu akasema, "Valvu ya tatu," na injini ikifunguliwa, kweli ni valvu ya tatu. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna gari lililoingia kwake likatoka likivutwa kwa kamba kwenda kwa fundi mwingine. Hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini. Hakuwa na shamba la kujivunia, na watoto wake hawakufika chuo kikuu. Hilo tu ndilo alilokuwa nalo. Mkewe, Nelima, alimtania kwamba siku ya kumzika, mchungaji hatakuwa na la kusema ila habari ya kamba. Wakoli hakuuona utani wowote hapo.

Mtu mmoja tu aliwahi kulichezea jina hilo, naye ni mdogo wake wa tumbo moja, Kizito. Wakoli mwenyewe ndiye aliyemtoa Matulo, akamlisha, akamfunza kazi. Kisha mwishoni mwa miaka ya tisini magari ya Japani yasiyo na kabureta yakaanza kujaa Kitale. Mahali pa kabureta yana injekta nne, vijibomba vidogo vinavyotema petroli ndani ya injini kila vinapoamrishwa na stima, yaani umeme, kutoka kwenye kisanduku kilichofichwa chini ya dashibodi. Kizito akaenda Eldoret, akayasomea mambo hayo miezi sita. Siku ya kwanza aliyorudi, mbele ya wateja, akamwambia kaka yake, "Hizi injini za sasa haziskizwi na masikio, kaka. Zinapimwa."

"Basi nenda ukapime kwako," Wakoli akamjibu.

Kizito akaenda kweli. Alifungua gereji Bungoma, karibu na njia panda ya Kanduyi, na kwa miaka sita ndugu hao wawili walionana kwenye matanga tu. Walipeana mkono, wakaulizana habari za watoto, kila mmoja akaenda kukaa upande wake wa hema.

Mwezi wa tano mwaka 2005, Mwalimu Lorna Chepchumba alileta Toyota yake. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi karibu na Kiminini, mwanamke mrefu asiyependa maneno ya kuzunguka. Gari lilikuwa limechemka likipanda kwao Kapsokwony, likachemka mpaka injini ikafa barabarani. Wakoli alilikagua, akasema litafunguliwa lote: ringi, beringi, gasketi, kila kitu.

"Nimeambiwa kwako ndio mwisho wa maneno," Mwalimu Lorna alisema. "Lakini hii ni ya injekta. Kama ni ngumu, si uniambie mapema niipeleke Bungoma kwa huyo ndugu yako?"

Uso wa Wakoli ukamwiva. "Mwalimu, gari ikiingia hapa inatoka ikitembea."

Ukweli ni kwamba magari ya injekta alikuwa ameyagusa mengi, lakini kwa breki na springi. Injini yenyewe ya aina hiyo hakuwahi kuifungua yote. Hakumwambia mtu. Alifanya kazi wiki tatu kwa uangalifu ambao hata fundi kijana hana. Kila bolti aliiweka kwenye kopo lake, kila waya akaufunga kitambaa cha kumkumbusha ulikotoka. Vyuma viliposafika akatoa kopo la silva na brashi. Juu ya manifoldi, lile bomba lenye vidole vinne linaloingiza hewa ndani ya injini, palikuwa na mahali padogo, ukubwa wa shilingi, ambapo waliounda gari waliacha chuma kitupu. Palikuwa na tundu la bolti, na waya mmoja wa kahawia ulikuwa umebanwa hapo. Wakoli aliona ni uzembe wa mtu fulani huko Japani. Akapapaka, mara mbili, pamoja na tundu na bolti yake; rangi ilipokauka akaubana waya wake juu, akakaza.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Lorna alikuja kuchukua gari. Boneti ilikuwa wazi na injini iling'aa mpaka wapita njia wakasimama kuangalia. Wakoli aliketi kwenye usukani, akageuza ufunguo. Stata ikazungusha vizuri sana, injini ikalia wuu-wuu-wuu, isiwake. Akageuza tena. Ilizunguka kwa nguvu zote za betri mpya, lakini haikushika hata mara moja.

"Ni mpya, inajifunza," akasema, akacheka peke yake.

Mwalimu akaondoka na teksi. Wakoli akaanza kutafuta, na alianza vizuri. Alichomoa plagi, akaiegemeza kwenye chuma, akamwomba jirani azungushe: cheche zilitoka. Akafungua bomba la petroli: petroli ikaruka. Akaziangalia plagi, akazikuta kavu kabisa, hazina hata harufu. Akamimina petroli kidogo kwa kifuniko cha chupa kwenye njia ya hewa, akageuza ufunguo, na injini ikanguruma sekunde tatu, tamu kuliko wimbo, kisha ikafa. Mpaka hapo hata Kizito asingefanya tofauti. Moto upo, petroli ipo, injini ni nzima. Petroli haifiki ndani. Injekta hazitemi.

Kosa lilikuja baada ya hapo, na lilikuwa kosa la mtu wa kabureta. Mtu wa kabureta akitaka kujua kama tundu la petroli limeziba, huliweka mdomoni na kupuliza. Pumzi ikipita, ni zima; isipopita, limeziba. Wakoli alizitoa injekta zote nne, akaziosha, akaiweka ya kwanza mdomoni, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Pumzi haikupita. Ya pili haikupita, ya tatu na ya nne vilevile. "Zimekufa zote," akatangaza, na moyo wake ukatulia, kwa sababu kilichokufa sasa kilikuwa kitu cha Mjapani, wala si kazi ya mikono yake.

Karibu na steji ya matatu palikuwa na duka la vipuri vya mitumba la Mkikuyu mmoja wa Nyeri aitwaye Nderitu. Alikuwa mpole, mwenye miwani mizito, na alikuwa ameuza hapo miaka kumi bila kupigana na mtu. Wakoli alinunua kwake injekta nne. Akazifunga, akageuza ufunguo. Wuu-wuu-wuu. Akazitoa kwa hasira, akazipuliza moja moja. Pumzi haikupita hata kwenye moja.

Ilikuwa siku ya soko. Akavuka barabara hivyo hivyo na ovaroli yake, injekta mkononi, akazimwaga juu ya meza ya Nderitu mbele ya wateja.

"Umeniuzia maiti!"

Nderitu akaziokota, akazipanga polepole. "Mzee, umezijaribu aje?"

"Nimepuliza! Zote zimeziba!"

"Hiyo haipulizwi, mzee. Bila stima huwa imefunga. Ngoja nilete betri nikuonyeshe, ukiigusa na waya inalia tik."

Maneno hayo Wakoli aliyasikia. Nasema aliyasikia vizuri. Lakini nyuma yake watu walikuwa wamejaa mlangoni, na miongoni mwao walikuwamo mafundi wawili aliowafunza mwenyewe. Kusimama hapo, kwa umri wake, afundishwe injekta na muuza duka? Sauti ndiyo iliyopanda.

"Ati unifunze kazi? Mimi nimefungua injini wewe ukinyonya!" Kisha akaiga matamshi ya Kikikuyu: "Rakini wewe unaokota taka za Japani, unafunga na gazeti, unaita spea! Watu wa Kitale, mwangalieni vizuri huyu!"

"Mzee, dakika moja tu, betri iko hapo..."

"Betri yako weka kwa kichwa!"

Watu wakacheka. "Hawa ni hivyo tu," mmoja akasema huko nyuma, na hakuna aliyehitaji kuuliza hawa ni nani. Nderitu alitazama nyuso zile, akaiacha betri ilipo, akamrudishia Wakoli pesa zake. Wakoli alirudi gereji akishangiliwa, na mchana huo alikula vizuri kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Gari halikuwaka. Alizirudisha injekta za kwanza, akabadilisha pampu ya petroli, akafungua mkanda wa injini na kuuhesabu meno upya, akaomba. Kila Ijumaa Mwalimu Lorna alipita, na kila Ijumaa aliambiwa Ijumaa. Wiki ya tano alikuja Jumatatu, na hakuja peke yake: alikuja na pikapu ya shemeji yake, na nyuma ya pikapu palikuwa na kamba ya manila.

"Mwalimu, nipe mpaka Ijumaa," Wakoli akasema.

"Fundi, sina ubaya na wewe. Nalipeleka Bungoma kwa ndugu yako. Lakini hata watoto wa shule wananiuliza kama gari langu lilikufa."

Mtu lazima aketi kwenye gari linalovutwa, ashike usukani na breki. Shemeji angeweza kutafuta yeyote. Wakoli akafungua mlango, akaingia mwenyewe, kwa maana alitaka kuwepo ndugu yake akishindwa. Ndiyo, hilo ndilo aliloliomba njia nzima: Kizito naye ashindwe. Mzee wa kanisa, baba wa watoto watano, aliketi nyuma ya usukani akimwomba Mungu gari la mwalimu life kabisa.

Breki bila injini huwa ngumu, na mguu ulianza kumuuma kabla hawajatoka mjini. Walipofika Kiminini wakapunguza mwendo kwa ajili ya matuta, na kwenye steji mtu akapaza sauti, "Si huyo ni Wakoli? Wakoli anavutwa!" Misikhu walipita soko likiwa limejaa. Akina mama waliokuwa wakipanga nyanya waliinua vichwa. Kabla ya Webuye wakapita Matulo, kwao, na binamu yake aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye gunia akainua mkono kumsalimu. Wakoli alitazama kamba iliyokuwa mbele yake, asimrudishie.

Kizito alikuwa amenenepa. Gereji yake ilikuwa na sakafu ya simiti na ukuta wenye michoro ya waya. Aliinama kidogo kumpa kaka yake mkono, kama mdogo anavyotakiwa kufanya, akamletea kiti na soda. Soda ile Wakoli hakuigusa. Alisimama kando ya gari kueleza yote aliyoyafanya, kwa sauti ya juu kidogo, na Kizito alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

Kisha hakufungua kitu. Alichukua taa ndogo yenye miguu miwili ya waya, akachomoa soketi ya injekta ya kwanza, akaichomeka taa mahali pake, akamwomba shemeji ageuze ufunguo. Injini ikazunguka. Taa haikuwaka.

"Injekta ziko sawa," Kizito akasema polepole, kama anayejisemea. "Haziambiwi kitu. Stima haizifikii."

Akasimama akiitazama ile silva. Alitazama kwa muda mrefu. Aliijua rangi hiyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akioshwa mikono kwa mafuta ya taa kila jioni akiwa kijana, kwa sababu yake. Akaifuata njia ya waya wa kahawia kwa kidole mpaka kwenye manifoldi, akachukua spana namba kumi, akalegeza bolti. Wakoli alikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Aliona waya ukiinuliwa, na chini yake akaiona rangi yake mwenyewe, laini, imejaa, haina hata mkwaruzo.

Hapo hapo alielewa. Hakuhitaji michoro ya ukutani. Waya ule ulikuwa athi, ndio uliozipa injekta njia ya kurudisha stima kwenye chuma cha injini, na rangi haipitishi stima. Kwenye Peugeot angeweza kupaka mpaka matairi na injini ingewaka, maana kabureta haihitaji stima kutema petroli. Wiki tano. Pampu nzima ilitupwa. Na Nderitu.

Kizito alijiinamia, mgongo ukawakinga Mwalimu Lorna na shemeji wasione. Akatoa kipande cha msasa mfukoni, akakwaruza mara nne au tano mpaka chuma cheupe kikatokea, akarudisha waya, akakaza bolti. Aliirudisha soketi ya injekta. "Washa," akasema.

Iliwaka kabla ufunguo haujafika mwisho. Ilitulia papo hapo, ikanguruma sawasawa, kwa sababu ringi zilifungwa vizuri, na beringi zilifungwa vizuri, na kila kitu ambacho fundi Wakoli alikijua alikuwa amekifanya bila kosa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mwalimu Lorna alipiga makofi. "Haki ya Mungu! Ilikuwa nini?"

Kizito akamtazama kaka yake. Ilikuwa zamu yake sasa. Miaka sita alikuwa ameisubiri, na hakuna mtu angemlaumu. Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Injekta, mwalimu," akasema. "Zilikuwa zimekwama. Hizi vitu ni za kubahatisha. Lakini injini yenyewe, kaka yangu amekufanyia kazi safi sana. Hata mimi singefunga hivi."

"Kwa hivyo fundi alikuwa anasema ukweli! Na vile alimkemea yule Nderitu, wengine tulidhani amezidisha."

"Nderitu ni nani?" Kizito akauliza.

"Mtu wa spea tu," Wakoli akasema haraka.

"Aah," Kizito akasema. "Wengine wao ni hivyo, bana."

Mwalimu alipokwenda kutia petroli, ndugu walibaki wawili. Kizito aliongea akiwa ametazama chini. "Kaka, hiyo rangi. Angalau usipake mahali pa athi. Utapata shida."

Angemtukana, Wakoli angejua la kufanya. Angemcheka mbele ya watu, wangegombana, na ugomvi angeuweza. Lakini kufichwa hivi, kama mzee aliyejikojolea anayefunikwa shuka na mtoto wake kabla wageni hawajaingia! Alimchukia Kizito kwa wema ule kuliko alivyowahi kumchukia kwa maneno ya zamani. "Asante," akasema. Akapanda gari la mwalimu wakarudi Kitale, gari likitembea vizuri, Mwalimu Lorna akimsifu mpaka Kiminini.

Jina lake likawa zima tena. Mwalimu alisimulia kila mahali, na habari ikazidi kunona njiani: fundi alijua tangu siku ya kwanza kwamba injekta ni mbovu, aliuziwa mbovu zaidi, na hata mtaalamu wa Bungoma alikubali. Habari ya kamba ikasahauliwa. Aliyemezwa na hadithi hiyo alikuwa Nderitu. Mafundi wa Kitale wakaanza kununua vipuri duka la pili. Ikawa mtu akiuziwa kitu kibovu popote, husema ameuziwa cha Nderitu. Wakoli alikuwa akipita ng'ambo ya barabara, anaona duka tupu, mwenyewe ameketi na gazeti. Mara mbili alivuka barabara kwenda kusema, na mara mbili akajikuta ameingia kwa muuza sigara, naye havuti.

Mwezi wa kumi akasikia Nderitu anafunga. Alikuwa anarudi Nyeri kwa ndugu yake. Usiku huo Wakoli hakupata usingizi, akamwambia Nelima kila kitu, rangi na yote. Nelima akasema, "Basi si uende umwambie? Ni maneno mawili tu."

Akaenda Jumamosi asubuhi, amevaa koti la kanisani. Aliyapanga maneno njiani: ni mimi, ilikuwa rangi yangu, nilikosea. Atayasema mbele ya yeyote atakayekuwepo. Lakini hapakuwa na mtu. Rafu zilikuwa tupu na Nderitu alikuwa akifunga katoni la mwisho kwa kamba ya katani. Alimwona, akasimama, akavua miwani na kuifuta.

"Karibu mzee. Hata kiti hakuna, zimeshapakiwa."

"Nasikia unaenda."

"Naenda. Kazi imekuwa chini. Na ile Toyota ya mwalimu? Hatimaye iliwaka?"

"Iliwaka."

"Ilikuwa na shida gani?"

Swali lilikuwa lile lile alilokuja kulijibu. Lilikuwa limefunguliwa mbele yake kama mlango, na hakuna mwingine wa kusikia ila huyu, ambaye kesho asingekuwepo. Wakoli alifungua mdomo. Aliona mafundi wakimcheka, aliona Kizito akiinama na msasa wake, aliona kamba.

"Injekta," akasema.

Nderitu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi pole sana, mzee. Mimi nilikuwa nimezipima moja moja na betri kabla sijakupa, zikalia. Nimekaa miezi yote hii nikisema moyoni umenionea. Kumbe ni mimi. Unisamehe."

Akainama, akakata kamba ya katoni aliyokuwa ameshaifunga, akachakura mpaka chini, akatoa injekta nne zilizofungwa kwa gazeti.

"Hizi ni safi kabisa, sijawahi kuwa na nzuri kama hizi. Chukua, sitaki pesa. Sitaki niondoke Kitale mtu akisema nilimuuzia kibovu."

Alimnyoshea. Wakoli alizipokea kwa mikono miwili, akasema asante.